Silikoni ya pumba za Chekereni: shajara ya mng'ao unaohama

11 Januari 2025: gunia la kwanza

Nyuma ya kila mashine ya kukoboa mpunga Chekereni, karibu na mji wa Moshi, Kilimanjaro, kuna kilima cha pumba. Mashamba ya Lower Moshi yanavunwa, mpunga unakobolewa, mchele unaondoka, pumba zinabaki palepale mpaka mtu azichome. Nilipomwomba mama mwenye mashine gunia moja aliniambia, "Chukua hata kumi, Mwalimu, utakuwa umenisaidia." Gunia tupu na bodaboda: shilingi 7,000. Pumba zenyewe bure.

Ninachokitafuta humo ni silika. Mpunga hufyonza silika udongoni na kuihifadhi kwenye ganda. Ukichoma pumba, karibu sehemu moja ya tano ya uzito hubaki majivu, na majivu hayo kwa sehemu kubwa ni silika. Silika ikinyang'anywa oksijeni inabaki silikoni, hii hii ya paneli za sola.

Bonge la silikoni ukilimulika halikurudishii mwanga wowote wa kuonekana kwa macho. Pengo lake la nishati, yaani nishati ambayo elektroni huiachia kama mwanga inaposhuka, ni elektroni-volti 1.1 hivi (kipimo cha nishati), sawa na infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, na hata huo huutoa kwa shida. Chembe yake ikipungua mpaka nanomita 5 kushuka chini (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), elektroni zinabanwa, pengo linapanuka na mwanga unaingia kwenye rangi tunazoziona. Mwaka 1990 Leigh Canham wa Uingereza aliripoti silikoni yenye vinyweleo inayong'aa nyekundu kwenye joto la kawaida la chumba, na mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Hiroshima, Japani, walitengeneza taa ya LED ya rangi ya chungwa kwa silikoni waliyoitoa kwenye pumba za mpunga. Habari hiyo ya Hiroshima ndiyo iliyonifanya nipande bodaboda kwenda Chekereni.

Ninachotaka kukijua mimi ni hiki: hewa inaufanya nini mng'ao huo? Silikoni ikikaa hewani huvaa oksidi, kama chuma kinavyovaa kutu. Oksidi hiyo inabadilishaje rangi na nguvu ya mwanga, na je, mwalimu wa sekondari anaweza kuyaona mabadiliko hayo kwa vifaa vya kuokoteza? Kazi za moto na upimaji nazifanya hapa Moshi. Asidi kali ziko mikononi mwa shemeji yangu, mkemia kwenye maabara moja ya Arusha.

25 Januari: majivu meusi

Gramu 300 za kwanza nimezichoma kama zilivyo kwenye tanuri la umeme la kuchomea vyungu, nililoazimwa na mwalimu mwenzangu wa sanaa. Nyuzi 700, saa tatu. Yalitoka majivu meusi yenye vipande vigumu kama kokoto. Nikaongeza saa mbili, yakabaki meusi.

Kosa lilikuwa potasiamu. Pumba zina potasiamu ya kutosha kuyeyusha uso wa silika kabla kaboni haijaisha kuungua, na ile kaboni inafungiwa ndani kama mkaa ndani ya kioo. Huwezi kuitoa tena kwa moto. Dawa yake ni kuchemsha pumba kwa saa mbili kwenye asidi nyepesi ya haidrokloriki, kuzisuuza mpaka maji yasionyeshe uchachu kwenye karatasi ya litimasi, kuzikausha juani, ndipo zichomwe. Mara ya pili yametoka majivu meupe, mepesi, yanayopeperuka ukipumua karibu. Asidi lita 2.5: shilingi 45,000.

15 Februari: bomba lililotoa moshi, na unga uliolia

Hatua hii imenigharimu kuliko zote, kwa hiyo naieleza polepole.

Magnesi ina njaa ya oksijeni kuliko silikoni. Ukiichanganya na silika na kuipasha moto hadi nyuzi 650 hivi bila hewa, inachukua oksijeni na kukuachia silikoni pamoja na oksidi ya magnesi. Kwa hesabu, gramu 1 ya silika inahitaji gramu 0.81 ya magnesi. Utepe wa magnesi gramu 25 nimenunua shilingi 90,000, na kuukwaruza kuwa vumbi kwa tupa kulinichukua jioni mbili.

Chombo cha kwanza nilikikatisha kwa fundi chuma wa Majengo: kipande cha bomba la maji, vifuniko vya skrubu pande zote mbili, shilingi 12,000. Sikufikiri kwamba bomba la maji limepakwa zinki. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420. Tanuri lilipofika juu, moshi mweupe ukaanza kupenya kwenye nyuzi za skrubu, na nilizima nikatoka nje na madirisha yote wazi. Moshi wa zinki unaleta homa, ye yote atakayenifuata asiutanie. Unga wote nilimwaga. Bomba la pili ni la chuma cha pua, shilingi 22,000.

Kwenye bomba jipya, unga wa kwanza ulitoka una mabonge ya bluu iliyokolea. Bluu hiyo ni silisaidi ya magnesi, dalili kwamba mahali fulani magnesi ilizidi na joto lilipanda ghafla. Mmenyuko huu ukishaanza unajipasha wenyewe. Sikujua hayo, nikaumimina unga kwenye asidi pembeni mwa dirisha la maabara ya shule ili kuondoa oksidi ya magnesi. Ukaanza kulia: ta, ta, ta, kama mahindi yanayokaangwa, na kila mlio ulikuja na cheche ndogo juu ya maji na kipete cha moshi mweupe. Silisaidi ikikutana na asidi hutoa gesi ya sileni, na sileni huwaka yenyewe inapogusa hewa. Hakuna aliyeumia. Shule ilikuwa imefungwa na nilikuwa peke yangu, jambo ambalo nalo lilikuwa kosa.

Marekebisho yalikuwa matatu. Nilisaga chumvi ya mezani iliyokaushwa pamoja na mchanganyiko, mara tano ya uzito wa silika, ili ibebe joto la ziada. Chumvi huyeyuka kwenye nyuzi 801 na kuyeyuka huko kunameza joto jingi. Nilipandisha tanuri nyuzi 3 kwa dakika badala ya kulikimbiza. Na kuosha kwa asidi kumehamia Arusha, ndani ya kabati la kuvutia hewa, kijiko kimoja kimoja. Unga sasa hutoka wa kahawia, laini. Hiyo ndiyo silikoni.

8 Machi: bluu ya uongo

Nimepoteza wiki mbili nzima kwa furaha isiyokuwa na msingi.

Tochi ya urujuanimno ya kukagulia noti, ya mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 365, nimeipata kwa shilingi 15,000. Chembe zetu za kahawia bado ni kubwa mno kung'aa, nanomita kumi na zaidi, lakini nilizisambaza kwenye spiriti nikazimulika gizani ili nijizoeze. Chupa ikang'aa bluu. Bluu safi, nzuri, ya kumwita mtu aje aone. Niliwaita wanafunzi wanne wa kidato cha tano. Nikampigia shemeji simu usiku.

Kilichoniumbua ni kola. Niliinama kuangalia chupa karibu zaidi, tochi ikanipiga kifuani, na kola ya shati langu ikang'aa bluu ile ile. Sabuni ya unga ina ving'arishi, kemikali zinazomeza urujuanimno na kutoa bluu ili nguo ionekane nyeupe zaidi. Chupa zangu nilikuwa naziosha kwa sabuni hiyo hiyo. Nilichukua chupa tupu, nikatia spiriti peke yake, nikaimulika: bluu, na duara lililokolea pale maji ya suuza yalipokaukia chini.

Tangu hapo chupa zinaoshwa kwa spiriti na maji yaliyochemshwa na kutoneshwa, bila sabuni. Karatasi za kuchujia nimezipima moja moja, na zile zenye kung'aa nimezitenga. Kila kipimo kinatanguliwa na chupa tupu. Wanafunzi wale wanne niliwaita tena nikawaonyesha kola.

22 Machi: nyekundu ya kweli

Kupunguza chembe kunafanywa na shemeji kwa mchanganyiko wa asidi ya naitriki na ya haidrofloriki. Ya kwanza inaoksidisha uso wa chembe, ya pili inaumenya ule uliooksidishwa, na chembe inapungua ganda kwa ganda. Vipimo vya hatua hii siviandiki kwa makusudi. Haidrofloriki inapita kwenye ngozi wakati mwingine bila maumivu ya mwanzo, kisha inafuata kalsiamu ya mwili, na inaua. Anayo jeli ya kalsiamu glukoneti mezani na hafanyi kazi hiyo akiwa peke yake. Asiye na maabara ya namna hiyo aishie kwenye unga wa kahawia na atafute mwenye nayo.

Kisomea rangi nimekitengeneza kwa kipande cha DVD kama wavu wa kutawanyisha mwanga, kamera kuukuu ya kompyuta na boksi jeusi: shilingi 23,000 pamoja na balbu ya kubana matumizi ya kusawazishia. Zebaki ya ndani ya balbu hiyo ina mistari isiyohama, nanomita 436 na 546, na poda yake nyekundu inatoa mstari wa 611. Nikiipata mitatu mahali pake, nakiamini kisomea changu kwa makosa ya nanomita 5 hivi.

Chembe zilitoka kwenye asidi Arusha asubuhi. Nikazifunga, nikapanda basi, nikafika nyumbani nikala, nikazima taa saa 3 usiku. Chungwa inayoelekea wekundu, kilele (urefu wa wimbi unaong'aa kuliko yote; namba ikikua, rangi inaelekea wekundu) nanomita 590. Chupa tupu: giza. Nimekaa nayo muda mrefu bila kuandika kitu.

5 Aprili: mapishi yale yale, rangi tofauti

Tumerudia mara tatu, asidi ile ile, dakika zile zile. Mara ya pili kilele 600. Mara ya tatu 585. Nikaanza kumlaumu shemeji kimoyomoyo, kwamba hapimi asidi sawasawa. Nikamwambia kwa adabu, naye akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Shemeji, ulipima saa ngapi tangu zitoke kwenye asidi?"

Sikuwa nimeandika. Ikabidi nikumbuke kwa tiketi za basi. Mara ya kwanza nilipima baada ya kama saa kumi. Mara ya pili basi liliharibika Kikatiti, tukakaa pembeni mwa barabara hadi jioni, mvua inanyesha, nikafika nimechoka nikapima kesho yake. Mara ya tatu niliwahi, saa nne tu.

Arusha na Moshi ni kilomita 80 hivi. Kumbe safari yenyewe ilikuwa hatua ya mradi ambayo hatukuiandika. Kila saa ndani ya basi, kwenye hewa ya masika, chembe zilikuwa zinavaa oksidi, na nilichokuwa nakipima Moshi si kile alichokitengeneza Arusha. Nilimwomba radhi.

19 Aprili: tumebeba mashine, tumeziacha chembe

Nimebeba boksi jeusi, balbu na tochi kwenda Arusha na kulala kwa shemeji siku nne. Hili ndilo jaribio ninalolithamini kuliko yote humu.

Ametoa makundi mawili. Chembe ndogo zilikaa kwenye asidi muda mrefu, chembe kubwa muda mfupi. Kila kundi limegawanywa chupa tatu: moja imejazwa argoni, gesi isiyomenyuka, ya mafundi wa kuchomelea (mchango wangu shilingi 60,000), moja ina hewa iliyokaushwa kwa vifuko vya kunyonya unyevu, moja ina hewa na pamba iliyoloweshwa maji. Dakika ya kutoka kwenye asidi imeandikwa kwenye kila chupa kwa kalamu isiyofutika.

Chembe ndogo, dakika nne baada ya kutoka: nanomita 560, njano inayokaribia kijani. Rangi hii sikuwahi kuiona Moshi hata mara moja, kwa sababu ilikuwa inafia njiani. Kwenye argoni imebaki hapo siku zote nne. Kwenye hewa kavu, baada ya siku moja, 570. Kwenye hewa yenye unyevu imekimbia: 575 baada ya saa moja, 590 baada ya saa sita, 600 siku ya pili, na hapo ikasimama. Siku ya nne ilikuwa 600 bado.

Chembe kubwa zilitutisha. Nilipomulika kwa macho niliona wekundu hafifu wa kaa linalozimika, na kamera haikuona kitu kabisa. Nikasema zimekufa. Shemeji akakumbuka kwamba kamera hizi zina kioo cha kuzuia infraredi mbele ya kihisi. Tumeifungua, tumekitoa kile kioo kwa ncha ya wembe, tumesawazisha upya kwa balbu, na kilele kikaonekana: 740. Zilikuwa hai, ila zinang'aa pale kamera ilipozibwa jicho. Kwenye hewa yenye unyevu zimehama pia, lakini kinyume na wenzao: 740, kisha 730.

Kundi moja linaelekea kwenye wekundu, jingine linaukimbia. Tumebishana usiku mzima. Niliyoyaelewa baada ya kusoma ni haya.

Chembe inapotoka kwenye asidi, mikono ya atomu za silikoni zilizo usoni imeshikwa na haidrojeni. Rangi ya mwanga wakati huo inaamuliwa na ukubwa wa chembe peke yake. Oksijeni ikiingia inafanya mambo mawili kwa wakati mmoja. La kwanza, inakula silikoni kutoka nje kwenda ndani. Kiini kinazidi kuwa kidogo, pengo linapanuka, na rangi inasogea upande wa chungwa. La pili, inaweka ngazi mpya ya nishati katikati ya pengo, pale atomu moja ya oksijeni inaposhikana na silikoni kwa mikono miwili. Elektroni inanasa kwenye ngazi hiyo na kutoa mwanga kutokea hapo.

Kwa chembe kubwa, pengo ni jembamba na ile ngazi iko nje yake, haidhuru. Kinachoonekana ni kiini kupungua tu. Kwa chembe ndogo, chini ya nanomita 3, pengo ni pana na ngazi imeangukia ndani. Hata chembe ikipungua vipi, mwanga haupandi zaidi ya ngazi. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, pamoja na wanadharia wa Ufaransa, walilieleza jambo hili: chembe ndogo zikionja oksijeni, mwanga wake hukwama karibu na elektroni-volti 2.1. Ukigawanya 1,240 kwa 2.1 unapata nanomita 590. Zetu zimekwama kwenye 600, kwa kisomea cha DVD. Nilipofanya hesabu hiyo niliinuka mezani nikaenda kumwamsha shemeji.

3 Mei: tochi inayoua inachokimulika

Kosa hili ni langu na linaweza kumkuta mwingine kwa urahisi. Nilikuwa nawasha tochi, naweka sawa kamera, natafuta mahali pazuri, dakika tano zinapita. Kisha nalalamika kwamba mng'ao ni dhaifu kuliko wa jana.

Nimeweka kamera kwenye mipangilio isiyobadilika (mwangaza na rangi visijirekebishe vyenyewe, la sivyo simu na kamera hufunika kila kushuka), nikapiga picha kila sekunde 10 bila kuzima tochi. Chembe mpya zilizo hewani zimeshuka hadi nusu ya nguvu ndani ya dakika sita. Za ndani ya argoni hazikushuka kiasi cha kuonekana. Urujuanimno pamoja na oksijeni vinang'oa haidrojeni usoni haraka kuliko hewa peke yake, na oksidi inayoota kwa pupa namna hiyo inaacha atomu za silikoni zenye mkono mtupu. Elektroni ikiangukia kwenye mkono mtupu inaishia kuwa joto, mwanga hakuna.

Sasa nalenga kamera kwa chupa ya mfano yenye rangi ya wino, naweka chembe mahali pake gizani, nawasha tochi sekunde mbili, nazima. Vipimo vyote vya nguvu ya mwanga vya kabla ya leo nimevifuta. Vya rangi nimeviacha, vikiwa na alama ya kuuliza.

17 Mei: kuuwahi mkia wa mwanga

Chupa ya chembe ndogo iliyokaa kwenye unyevu tangu Aprili imeanza kuonyesha ubluu mwembamba pembeni ya chungwa. Baada ya yale ya sabuni, sikuiamini. Chupa tupu ilikuwa giza, kwa hiyo ubluu unatoka kwa chembe au kwa oksidi yake.

Kuna njia ya kutenganisha. Mwanga mwekundu wa silikoni huchelewa: ukizima taa, unaendelea kwa makumi ya mikrosekunde. Ubluu unaotokana na kasoro za oksidi hufa ndani ya nanosekunde. Nimefunga LED ya urujuanimno kwenye transista iwake na kuzima mara elfu moja kwa sekunde, fotodiodi (kihisi cha mwanga) upande wa pili, osiloskopu (mashine ya kuchora mawimbi ya umeme) ya zamani ya kuazima. Vipuri: shilingi 41,000.

Mkia wa kwanza, yaani muda mwanga unaoendelea baada ya LED kuzimwa, ulikuwa mzuri mno, mikrosekunde 80 hivi, kwa kila chupa. Hata kwa chupa ya wino. Hata kwa LED peke yake! Fotodiodi yangu inahifadhi chaji kwa kiasi cha pikofaradi 70 hivi, nami niliiwekea kipinzani (rezista) cha mega-omu 1. Vikizidishana vinatoa mikrosekunde 70, kabla hata ya kuhesabu waya. Nilikuwa napima saketi yangu mwenyewe. Nimeshusha kipinzani hadi kilo-omu 10, nikaongeza kikuzaji na kuacha osiloskopu iwastanishe mizunguko 128. LED peke yake sasa inakatika kama imekatwa na kisu.

Kwa karatasi nyekundu ya selofeni mbele ya fotodiodi, chungwa ya chembe ndogo ina mkia wa mikrosekunde 20 hivi, chembe kubwa zaidi ya 50. Kwa selofeni ya bluu, ubluu unakatika pamoja na LED, siwezi kuutofautisha. Kwa hiyo chupa moja ina mianga miwili ya asili mbili: wekundu wa kiini cha silikoni pamoja na ngazi ya oksijeni usoni, na ubluu wa oksidi yenyewe. Aliye na chupa inayong'aa bluu asitangaze kwamba ana silikoni ndogo sana mpaka ameupima mkia.

14 Juni: kuvalisha koti kabla hewa haijafika

Mpaka hapa tumeitazama oksidi ikifanya itakavyo. Tumejaribu kuizuia. Badala ya kuacha haidrojeni usoni, shemeji amepasha chembe ndogo kwenye asidi ya undesileni, nyuzi 120, ndani ya argoni. Asidi hii hutengenezwa kwa mafuta ya mbarika, na imetugharimu shilingi 70,000. Mwisho wa molekuli yake una kiunganishi cha mikono miwili kinachofunguka na kushika silikoni, na mkia mrefu wa kaboni unabaki nje kama manyoya.

Jaribio la kwanza halikufaa. Argoni ilikatika katikati, mafuta yakawa ya njano, na kilele kikatoka 595 moja kwa moja, oksidi imetangulia koti. La pili tulipuliza argoni ndani ya asidi yenyewe saa nzima kabla ya kutia chembe. Kilele 565, na mkia wa mwanga umerefuka kidogo.

Chupa ya chembe zilizovaa koti na ile ya unyevu ya chembe zisizo na koti nimeziweka pamoja juu ya kabati la vitabu, chumba cha kawaida, Moshi.

12 Julai: mwezi mmoja juu ya kabati

Yenye koti: 565 imekuwa 570. Nguvu ya mwanga haijashuka zaidi ya moja ya kumi.

Chembe kubwa zilizoachwa kwenye unyevu tangu Aprili zimefika 680, na jambo ambalo sikulitarajia ni nguvu yake. Baada ya kurudia kundi hilo upya kwa vipimo vya sekunde mbili, zilishuka hadi nusu siku ya kwanza, zikakaa chini wiki mbili, kisha zikaanza kupanda, na sasa zinang'aa kuliko zilipotoka kwenye asidi. Oksidi changa ina mikono mitupu mingi. Ikikomaa inaifunga mmoja mmoja. Kwa hiyo mtu anayetaka wekundu imara na hana asidi ya undesileni, anaweza kuziacha zizeeke taratibu, gizani, mbali na tochi.

Jumla ya fedha tangu Januari ni shilingi 475,000. Humo mna nauli za safari tisa za Arusha, shilingi 90,000, na bomba la zinki lililotupwa. Atakayeanza na chuma cha pua, chupa zisizoguswa na sabuni, na saa ya mkononi, atatumia pungufu.

Kibandiko cha kila chupa sasa kina mistari mitatu: saa iliyotoka kwenye asidi, saa iliyopimwa, na hewa iliyokuwa nayo katikati. Kundi linalofuata tutalifanya na mkoba wa argoni ndani ya basi, tuone kama 560 inaweza kufika Moshi. Jana nimepita Chekereni. Gunia la pili liko stoo, na pumba za kwanza zimeshalowekwa.